Gogo Akibisha Hodi na Daftari: Kikao cha Jengo Lako na Sababu za Kwenda



Mwaka 2013 tulikuwa tunaishi Albert Park, ghorofa ya sita: mama yangu, wadogo zangu watatu na mimi. Maji yalikatika Jumatatu. Ilipofika Alhamisi tulikuwa bado tunapanda ngazi na madumu, maana lifti ilikuwa imekufa zamani. Jioni hiyo mtu akabisha hodi. Mama akachungulia kwenye tundu la mlango. Alikuwa bibi mmoja wa Kizulu, yule ambaye jengo zima lilimwita Gogo, ameshika daftari na kalamu, na vijana wawili wako nyuma yake. Mama akazima taa na kutuwekea kidole mdomoni. Tukakaa gizani mpaka tukasikia nyayo zao zimeenda mlango wa pili.

Gogo alikuwa anaandika majina ya wapangaji wanaolipa kodi lakini hawana maji. Orodha yake ilipelekwa kwenye baraza la migogoro ya nyumba za kupanga. Baada ya wiki kadhaa maji yalirudi, na mwenye jengo akakubali kupunguza nusu ya kodi ya mwezi mmoja kwa kila fleti iliyokuwa kwenye orodha. Fleti yetu haikuwemo, kwa hiyo sisi tulilipa yote.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu karibu kila wiki napokea ofisini familia ambayo imezima taa. Wana shida ya maji, ya amana, ya kufuli iliyobadilishwa, na nikiuliza majirani wanasemaje, jibu ni lile lile: "Hatuwajui." Makala hii inaeleza kikao cha jengo ni nini, kinafanya kazi gani, na kwa nini jina lako liwemo.

Hofu ya orodha

Mama hakuwa mjinga. Huko tulikotoka, mtu anayepita jioni na karatasi ya majina hakuwa analeta maji. Wengi wetu tunajua jamaa waliochukuliwa kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye orodha ya mtu fulani. Hofu hiyo haiishi siku unapovuka mpaka, na hakuna mtu wa kukuaibisha kwa sababu yake.

Kuna jambo la pili. Kwetu, ukihamia mtaani, kiongozi anakuja kukutafuta. Tanzania kuna balozi wa nyumba kumi, Burundi kuna shefu wa mtaa, Kongo kuna shefu wa avenyu. Kabla hujamaliza kutandika mkeka, ameshajua umetoka wapi na mko watu wangapi. Hapa Durban hakuna anayekuja. Unaweza kuishi miaka mitatu kwenye korido moja bila kujua jina la mtu wa mlango wa mbele. Wala siyo dharau. Mji wa maghorofa ndivyo ulivyo, kila mtu na mlango wake wa chuma. Kwa hiyo usipojitambulisha mwenyewe, hakuna wa kukutambulisha.

Hapa jina lako kwenye daftari la wakazi ni ushahidi kwamba unaishi hapo, unalipa, na umelalamika. Bila ushahidi huo, malalamiko yako ni maneno tu.

Kwanza, jua jengo ni la nani

Huwezi kujua umlalamikie nani kama hujui mwenye jengo. Hapa kuna namna nne kubwa.

Jengo la mwenye mmoja. Ni la mtu au kampuni, na mara nyingi kuna wakala anayekusanya kodi. Malalamiko yanaandikwa kwa wakala, na nakala kwa mwenyewe.

Jengo la wenye fleti wengi. Majengo mengi ya katikati ya mji ni ya namna hii: kila fleti ina mwenyewe. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwaka 2016, wenye fleti wote kwa pamoja ni umoja unaosimamia jengo. Kwenye barua utaona umoja huo umeandikwa "body corporate". Wanachagua wadhamini, na kila mwenye fleti anachanga ada ya mwezi kwa ajili ya ulinzi, lifti, bima na matengenezo. Wenye fleti wasipochanga, jengo zima linaumia, hata wewe uliyelipa kodi yako tarehe moja. Mpangaji hana kura katika umoja huo, lakini mwenye fleti yako anaweza kukuandikia karatasi ya kumwakilisha kwenye kikao. Ukiwa na mgogoro na umoja wenyewe, iko ofisi ya serikali iitwayo Community Schemes Ombud Service, kwa kifupi CSOS, na ipo hapa Durban. Inamsikiliza mtu yeyote ambaye mgogoro unamgusa, mpangaji akiwemo.

Nyumba za manispaa. Fleti za zamani za Chatsworth na Wentworth, kwa mfano, zilijengwa na serikali. Malalamiko yake yanaanzia kwenye ofisi za nyumba za manispaa ya eThekwini.

Chumba ndani ya fleti ya mtu. Hapa ndipo wengi wetu tunaanzia: fleti moja, mapazia au mbao katikati, familia tatu au nne, na kodi unampa ndugu aliyekutangulia. Anayekupangisha akiwa na ruhusa ya kupangisha, sheria inamhesabu kama mwenye nyumba, na ana wajibu ule ule. Akiwa hana ruhusa, siku mwenye fleti akija, wewe ndiye utakayeonekana mgeni asiyejulikana. Mwombe risiti kila mwezi, hata ya karatasi ya daftari, yenye tarehe, kiasi na sahihi. Na akikukataza kabisa kuongea na majirani au kwenda vikaoni, jiulize anaficha nini.

Kamati ya wakazi inafanya nini

Kamati ya wakazi haihitaji ofisi wala muhuri. Kwa kawaida ni watu watano au sita wanaokubaliwa na wenzao, kundi la WhatsApp, na daftari. Wanaandika taa zilizoungua, bomba linalovuja, mlango wa chini usiofungwa. Wanapeleka barua moja yenye sahihi arobaini badala ya watu arobaini kwenda kugombana mmoja mmoja. Wanajua nani mgonjwa, nani amejifungua, mtoto gani anabaki peke yake mchana.

Mji huu umejengwa na kamati za namna hiyo. Mwaka 1983, wakati wa ubaguzi wa rangi, kodi za nyumba za serikali zilipandishwa katika vitongoji vya Waafrika. Wakazi wa Lamontville, Chesterville na vitongoji vingine waliungana katika kamati iliyoitwa JORAC kupinga nyongeza hiyo. Mmoja wa viongozi wao, diwani Msizi Dube wa Lamontville, aliuawa Aprili mwaka huo huo, na wakazi hawakurudi nyuma. Miaka ile ile wakazi wa Chatsworth na Phoenix nao walikuwa na kamati yao ya mambo ya nyumba. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, serikali ikiwa imeshabadilika, wapangaji maskini wa fleti za Chatsworth walianza kutolewa na kukatiwa maji kwa sababu ya madeni. Majirani walisimama kwenye ngazi na kuzuia. Profesa Fatima Meer, mama aliyepigana na ubaguzi maisha yake yote, alikwenda kusimama nao. Kwa hiyo Gogo akibisha hodi na daftari, anafanya kazi ambayo watu wa hapa wameifanya miaka mingi, na wengine kwa gharama ya maisha yao.

Kisa kingine kinatugusa moja kwa moja. Wapangaji wa jengo la Ennerdale Mansions, Johannesburg, walikuwa wanamlipa mwenye jengo fedha za umeme, naye hakuzifikisha. Mwaka 2008 umeme ulikatwa bila wao kuambiwa. Walikwenda mahakamani pamoja, na Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba wapangaji wa aina hiyo lazima wapewe taarifa ya siku 14 kabla ya kukatiwa, hata kama akaunti ni ya mwenye jengo. Ukiona taarifa ya namna hiyo imebandikwa mlangoni, usiipite. Ipige picha, itume kwenye kundi la jengo, na mkutane siku hiyo hiyo.

Sheria kwa ufupi

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 26, inasema hakuna mtu anayeweza kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Imesema hakuna mtu. Haikusema hakuna raia. Sheria ya Nyumba za Kupanga ya mwaka 1999 inaongeza haya:

1. Mwenye nyumba lazima akupe risiti ya maandishi kwa kila malipo.

2. Amana, ile ambayo sisi wa Kongo tunaiita garanti, lazima aiweke benki mahali inapopata faida, na faida hiyo ni yako ukihama. Kagueni nyumba pamoja siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mwandike kila kilichoharibika.

3. Kumfungia mpangaji nje au kumkatia maji na umeme kinyume cha sheria ni kosa la jinai.

4. Mpangaji, au kundi la wapangaji kwa pamoja, anaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza liitwalo Rental Housing Tribunal. Ofisi yake ipo Durban, na huduma ni bure. Uamuzi wake una nguvu kama wa mahakama ya hakimu.

Shikeni sana jambo moja: malalamiko yakiwa barazani, endelea kulipa kodi. Sheria inamzuia mwenye nyumba kukutoa kwa muda wakati shauri linasikilizwa, hadi miezi mitatu, lakini nawe unatakiwa uendelee kulipa. Nimeona majengo ambamo watu kwa hasira waliamua pamoja kuacha kulipa. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini walipoteza kesi na nyumba.

Nje ya jengo: kata na diwani

Manispaa ya eThekwini imegawanywa katika kata zaidi ya 100. Kila kata ina diwani, na kamati ya kata yenye watu wasiozidi kumi pamoja na diwani mwenyewe kama mwenyekiti. Sisi tusio raia hatupigi kura. Lakini sheria ya manispaa ya mwaka 2000 inawapa wakazi, yaani watu wanaoishi hapa, haki ya kutoa maoni, kupeleka malalamiko na kujibiwa. Kila mwaka rasimu ya bajeti ya manispaa inatolewa kabla ya mwezi wa nne, halafu wananchi wanaitwa kutoa maoni kabla bajeti mpya haijaanza Julai. Hapo ndipo mtu anaweza kusimama na kusema: barabara yetu haina taa, takataka hazizolewi, watoto wetu wanavuka barabara kubwa bila alama.

Pia kuna kamati ya polisi na jamii, CPF, katika kila kituo cha polisi. Ukienda siku ya amani, utakuwa na namba ya simu ya kupiga siku ya fujo.

Sitawadanganya kwamba kila kikao ni cha wema. Januari 2009, hapa hapa Albert Park, kundi la watu lilivamia jengo la Venture Africa kuwawinda wageni. Mtu mmoja wa Zimbabwe na mmoja wa Tanzania walikufa baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya juu. Wapo wanaokusanya watu kwa jina la kulinda mtaa huku nia yao ni nyingine. Ukifika kwenye kikao, kimya kimya sikiliza. Kama mazungumzo ni ya mabomba, taa na walinzi, kaa. Kama ni ya kuwatoa wageni, usibishane, usitie sahihi. Ondoka kwa utulivu na utupigie siku hiyo hiyo. Ukishazoeana na majirani, habari kama hizo utazipata mapema, kabla hazijafika mlangoni kwako.

Karatasi ya kutia sahihi na ya kuacha

Kutia sahihi orodha ya mahudhurio si tatizo. Barua ya pamoja ya malalamiko nayo ni sawa, ukishasomewa ukaelewa.

Usitie sahihi papo hapo karatasi inayosema unakubali deni, unakubali kuhama tarehe fulani, au unakubali kodi mpya. Usitie sahihi karatasi tupu. Usimpe mtu yeyote kitambulisho chako halisi aondoke nacho, mpe nakala. Sema tu: "Nitaisoma nyumbani, nitarudisha kesho." Mtu mwenye nia njema atasubiri. Halafu ilete kwetu.

Na mlango ukibishwa usiku, huna lazima ya kufungua. Uliza ni nani, anataka nini, mwambie utamtafuta asubuhi. Lakini asubuhi kweli mtafute.

Siku ya kwanza kikaoni

Fika mapema kidogo na uwaamkie wazee kwanza. Hapa mzee wa kike ni Mama au Gogo, wa kiume ni Baba, kama kwetu. Kwa watu wengi sema "Sanibonani". Ukikwama, sema "Ngiyaxolisa, angisikhulumi kahle isiZulu", yaani samahani, sisemi Kizulu vizuri. Watacheka kidogo, na watakusaidia. Lugha yao si mbali sana na zetu: wao wanasema amanzi, sisi maji, na Warundi amazi. Wao wanasema inyama, sisi nyama. Umuntu ni mtu.

Beba risiti zako na picha za kinachovuja au kilichovunjika. Taja namba ya fleti yako na jina lako. Usimpeleke mtoto akutafsirie mambo ya madeni na ugomvi, kwani atabeba mzigo usio wake. Tuambie siku tatu kabla, tutatafuta mtu mzima wa kukusindikiza.

Usiende mara ya kwanza na orodha ndefu ya malalamiko. Uliza kwanza kuna kazi gani. Wanaume wanaweza kusaidia kubeba takataka au kubadilisha taa, akina mama wanajua kupika chai ya watu thelathini, vijana wanaandika Kiingereza. Kwetu tulikuwa na salongo. Hapa haina jina hilo, lakini anayefagia ngazi ya pamoja anakumbukwa.

Akina mama, neno hili ni lenu hasa. Katika familia nyingi baba ndiye anayetoka, na mama ndiye anayeshinda ndani na shida za maji, choo na watoto. Kikao bila nyinyi kinazungumzia kodi tu.

Kilichobadilika kwetu

Baada ya ile nusu ya kodi tuliyoikosa, mama alishuka mwenyewe ghorofa ya tatu na sahani ya maandazi. Hakujua Kizulu, na Gogo hakujua Kiswahili. Mwezi uliofuata jina letu liliandikwa kwenye daftari, limekosewa herufi mbili, na hakuna aliyejali.

Aprili 2015, wageni waliposhambuliwa Durban na maelfu kukimbilia kambi za muda za Isipingo, Chatsworth na Phoenix, Gogo alimtuma mjukuu wake alfajiri kutuambia tusitoke na watoto wasiende shule. Jioni alileta mkate na maziwa, akakaa nasi mpaka saa nne usiku. Sijui kama alituokoa na jambo lolote, maana hakuna aliyekuja jengoni kwetu. Najua kwamba usiku ule mama alilala.

Ukipata tangazo la kikao kwenye lifti au mlangoni, lipige picha ututumie kama huelewi. Kama jengo lako halina kamati, njoo ofisini na majirani wawili, wa nchi yoyote, tuandike barua ya kwanza pamoja. Tuko wazi siku za kazi. Leta risiti zako.